Nakala ya mkulima iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala ya historia ya uhasibu mliyoichapisha mwezi uliopita. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, tabia niliyotoka nayo kazini na ambayo mke wangu ameshindwa kuiponya. Makala imeandikwa kwa ufasaha. Inaanzia Venice mwaka 1494, inapita London na New York, halafu inatua kwetu na simu ya mkononi, na mwisho inatupongeza wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kwa kuachana na makaratasi.

Kwenye pongezi ndipo tulipopishana.

Mimi nilikuwa karani wa mizani, baadaye mtunza vitabu, na mwisho katibu meneja wa chama cha msingi cha kahawa huku Kibosho. Kazi niliianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikapelekwa kozi Chuo cha Ushirika pale Moshi, na nilistaafu kompyuta ya kwanza ya chama ikiwa bado inafunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Shahada sina. Lakini stakabadhi nimeandika nyingi, na nimesimama mbele ya mikutano mikuu ambayo wazee walikuja wakiwa wamekwisha kukasirika tangu nyumbani. Kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Historia ya uhasibu husimuliwa kama historia ya vifaa: udongo, kisha karatasi, kisha mashine, kisha simu, kila kimoja kikimshinda mwenzake. Ukikaa kwenye mizani unaiona kwa namna nyingine. Kifaa si hoja. Hoja ni nani anaondoka na nakala. Tangu watu waanze kuandikiana mali, taratibu zilizodumu ni zile zilizompa kila upande kipande chake cha kushika. Zile zilizoandikwa na upande mmoja, zikatunzwa na upande huohuo, zimeleta ugomvi kila mahali.

Nianze mbali kuliko Venice, maana mwandishi ameruka maelfu ya miaka kama mtoto anavyoruka mfereji. Katika nchi ambazo leo ni Iraki na Iran, watu walihesabu kondoo, mafuta na nafaka kwa vijipande vya udongo vilivyofinyangwa: koni, gololi, visahani, kila umbo na maana yake. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat alitumia miaka mingi kuvichunguza katika makumbusho za nchi mbalimbali, na vile vya mwanzo vina umri wa karibu miaka 10,000. Baadaye, katika miji kama Uruk na Susa, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, vijipande hivyo vikaanza kufungiwa ndani ya mpira wa udongo uliopigwa mhuri juu yake. Tuseme mchungaji amekabidhiwa kondoo wa mtu. Idadi inafungiwa ndani, mhuri unapigwa, udongo unakauka. Mchungaji hawezi kupunguza, mwenye mali hawezi kuongeza, mpaka mpira upasuliwe mbele ya wote.

Kupasua kila mara kukawa tabu. Wakaanza kubonyeza alama za vile vijipande kwenye uso wa mpira kabla haujakauka, ili mtu asome nje kilichomo ndani. Alama za nje zilipozoeleka, vya ndani havikuhitajika tena, na mpira ukageuka kibao bapa. Kwa maelezo ya Bi. Schmandt-Besserat, hiyo ndiyo njia iliyotufikisha kwenye maandishi. Yaani kabla ya mashairi, kabla ya sheria, kabla ya barua kwa wahariri, alikuwapo karani wa ghala. Kuna kibao cha Uruk kinachotaja vipimo 29,086 vya shayiri kwa kipindi cha miezi 37, kikiwa na jina Kushim. Wataalamu wanabishana kama Kushim alikuwa mtu au cheo. Shayiri yenyewe ilikuwa ya pombe. Watu wa huku, tunaojua ulezi wa mbege unavyolindwa, hatuoni ajabu kwamba huenda mmoja wa watu wa kwanza kuandikwa jina duniani ni mtunza stoo ya pombe.

Karne nyingi baadaye, wafanyabiashara wa Ashuru walioweka makazi Kanesh, ndani ya Uturuki ya leo, waliandika mikopo kwenye kibao kidogo, wakakifunika kwa bahasha ya udongo, na juu ya bahasha wakaandika tena yaleyale yaliyomo ndani na kupiga mihuri. Ukibisha, bahasha inavunjwa na maandishi ya ndani yanasomwa. Wameacha maelfu ya vibao, na vingi ni vya kudaiana.

Na kuna Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo. Jiwe lake jeusi la sheria liko Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre. Sheria ya 104 inasema mfanyabiashara akimpa wakala wake nafaka, sufu au mafuta akauze, wakala ataandika thamani ya mali, na akirudisha fedha atachukua stakabadhi yenye mhuri. Ya 105 inaongeza: wakala akizembea asichukue stakabadhi, fedha ile isiyo na stakabadhi haitahesabiwa kwake. Nilipoisoma mara ya kwanza, katika kitabu cha kozi kilichochanika jalada, nilicheka peke yangu, maana ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaambia wakulima kila Jumamosi dirishani. Shika karatasi yako. Usiniamini mimi, amini karatasi.

Na asije mtu akaniambia kuhesabu kumeletwa kwetu na meli. Mwaka 1950, Ishango, ukingoni mwa Ziwa Edward huko Kongo, ulipatikana mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 20,000. Mikato ilihesabu nini, wataalamu hawajakubaliana. Mimi kwa ukarani wangu nikiona mikato imepangwa kwa mafungu siamini kuwa mtu alikuwa anapitisha muda tu.

Wagiriki na Warumi nawapita. Walikuwa na vitabu, walikuwa na wakaguzi, na walikuwa na wezi.

Mimi ni Mkatoliki, lakini rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyenionyesha aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inahusu kuandikiana deni. Inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Kilichonisimamisha ni kwamba anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa, na kama hawezi, msimamizi wake ayatamke kwa uadilifu. Yule atakayebanwa na maandishi ndiye anayeyasema. Halafu inaongeza kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Hiyo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya chama cha msingi, hasa siku ya malipo ya pili, yale ya nyongeza kahawa ikishauzwa.

Sasa nifike Uingereza, lakini si kwa matajiri wa City, mtaa wa mabenki wa London, ambao mwandishi amewapenda. Hazina ya mfalme, tangu karne ya 12, iliandika mapato yake kwenye vijiti. Kijiti kilikatwa alama: mkato wenye upana wa kiganja ulimaanisha pauni 1,000, wa dole gumba pauni 100, wa kidole kidogo pauni 20, na mkato mdogo kama punje ya shayiri pauni 1. Kikishakatwa, kilipasuliwa kwa urefu, mikato ikabaki pande zote mbili. Kipande kirefu aliondoka nacho aliyelipa, kifupi kikabaki Hazina. Siku ya hesabu viliunganishwa. Ukiongeza mkato kwenye chako, cha mwenzako kinakuumbua, na huwezi kuchonga kipande kingine kikalingana, kwa sababu nyuzi za mti uliopasuka hazifanani na za mti mwingine wowote. Asiyejua kusoma alishika nusu ya hesabu za mfalme mkononi na akaielewa kwa kupapasa tu. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1826.

Ulivyoisha ni kichekesho. Vijiti vya zamani vilikuwa vimerundikana, na tarehe 16 Oktoba 1834 vikaamriwa vichomwe katika tanuri zilizokuwa chini ya Bunge. Moto ukazidi, Bunge lenyewe likateketea. Wanafunzi wa uhasibu wakiniuliza kwa nini kumbukumbu ziharibiwe kwa utaratibu na kwa kumbukumbu za maandishi, mfano huo ndio ninaowapa.

Mwandishi amemwita Luca Pacioli baba wa uhasibu. Mtawa huyo wa Kifransisko mwenyewe hakudai hivyo. Katika kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494 alisema anaeleza utaratibu wa kutunza vitabu unaotumika Venice, huu wa maingizo mawili nitakaoueleza hapa chini. Karibu miaka 200 kabla yake, mwaka 1299 na 1300, wafanyabiashara wa Florence wa kampuni ya Farolfi waliokuwa kusini mwa Ufaransa walikuwa na leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu, ya maingizo mawili. Serikali ya Genoa ilikuwa nayo mwaka 1340. Benedetto Cotrugli aliuandikia utaratibu huo mwaka 1458, ila kitabu chake kilichelewa kuchapwa zaidi ya miaka 100. Francesco Datini, mfanyabiashara wa Prato huko Italia, aliyefariki mwaka 1410, aliacha mamia ya vitabu vya hesabu na barua zipatazo 150,000. Nampenda mtu huyo kwa jambo moja: hakutupa karatasi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika leja, maingizo mawili ni hivi. Bibi analeta kilo 40 za kahawa ya maganda. Kwenye kitabu, kahawa ya ghalani imeongezeka, andika kushoto. Na deni la chama kwa bibi limeongezeka kiasi hichohicho, andika kulia. Ukimlipa, fedha taslimu inapungua, na deni linapungua. Mwisho wa mwezi jumla ya kushoto na ya kulia zisipolingana, usiende nyumbani. Ni uvumbuzi mkubwa, sibishi. Mwandishi anauita kioo cha ukweli, na hapo ndipo ninapomkatalia. Pande zote mbili, kushoto na kulia, zimeandikwa na mkono mmoja. Zinaweza kulingana kabisa na zote zikawa za uongo. Pacioli alilijua hilo. Katika sura za mwanzo anashauri vitabu vipelekwe kwa ofisa wa serikali visajiliwe na kutiwa alama, na anaeleza sababu: wapo wanaotunza vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha anayenunua na kingine cha kumwonyesha anayeuza. Mwaka 1494, Mhariri! Vijana wanadhani vitabu viwili vimeanza juzi.

(Florence nayo, mwaka huohuo wa 1299, chama cha wabadilisha fedha kiliwakataza wanachama kuandika hesabu kwa tarakimu hizi tunazotumia leo, kwa kuwa ni rahisi kugeuza 0 ikawa 6 au 9. Ndiyo maana mpaka leo stakabadhi nzuri ina nafasi ya kuandika kiasi kwa maneno. Karani anayeacha nafasi hiyo wazi nisingemwajiri.)

Kwa kuwa kitabu cha mtu mmoja hakimtoshi mwenzake, akahitajika mtu wa tatu wa kukisoma. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1844 iliyataka makampuni yaliyosajiliwa yatunze hesabu, yateue wakaguzi na kuwapa wanahisa mizania, yaani taarifa ya mali na madeni. Mwaka 1854 wahasibu wa Edinburgh wakapata hati ya kifalme ya chama chao, na taaluma ikaanza kuwa na milango na funguo. Kwetu Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, wakati ndiyo naanza kujifunza mizani. Leo kuna Chuo cha Uhasibu pale Njiro, Arusha, kimejaa vijana, na kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inawasilishwa bungeni na hata muuza magazeti wa stendi ya Moshi anajua tofauti ya hati safi na hati chafu. Nalisifu hilo. Ila mkaguzi anapita mara moja kwa mwaka, na mkulima anapima kahawa kila wiki ya msimu. Mkaguzi naye anakagua anachoonyeshwa. Kampuni ya Enron ya Marekani ilifilisika Desemba 2001 ikiwa na mkaguzi wa sifa, Arthur Andersen, na ofisi ya mkaguzi huyo ilikuwa imeshughulika kuchana nyaraka. Wafanyakazi walioweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za kampuni hawakuwa na karatasi yoyote ya kuwaambia mapema.

Nirudi mlimani. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikachukua nafasi yake. Mwandishi ameitaja kwa sentensi moja, nami simlaumu, gazeti lina nafasi yake. Lakini ameacha mwaka 1937. Bei ilikuwa imeshuka, kahawa ililazimishwa kuuzwa kupitia chama, malipo yakawa chini ya walichotarajia, na wakulima wengi wakaamini wanapunjwa. Ghasia zikazuka, majengo ya baadhi ya vyama vya msingi yakavunjwa. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo. Alikuwa akisema watu hawakuchukia ushirika. Walichukia kuambiwa hesabu kwa mdomo.

Nilipoingia kazini, mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza, na pembeni kulikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye nakala tatu na karatasi ya kaboni katikati. Jina, namba ya mwanachama, kilo, daraja, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi yangu. Nyeupe kwa mkulima, ya njano inapanda ofisini, ya tatu haitoki kwenye kitabu. Ukibonyeza kalamu kwa uvivu, ya tatu haisomeki, na mkaguzi wa ushirika alikuwa akianza na hiyo ya tatu. Nyeupe zilikwenda kuishi majumbani. Zilikunjwa zikatiwa kwenye makopo ya majani ya chai, zikawekwa juu ya dari la jiko zikanuka moshi. Mzee mmoja wa ukoo wetu, asiyejua kusoma, alizitunga kwenye spoku ya baiskeli kwa mfuatano wa msimu. Siku ya malipo ya pili alikuja na spoku yake, akanivulia karatasi moja moja, na nilipokosea mfuatano alinirudisha. Alizijua kwa madoa.

Duka la Mhindi ambako baba alinunua mafuta ya taa mjini lilikuwa na vitabu virefu vya jalada jekundu, na kila Diwali mwenye duka alifungua vipya kwa sala. Nasi wateja tulikuwa na kijidaftari chetu cha mkopo, yeye anaandika kwake, anaandika na kwetu. Hata yeye, aliyekuwa na hesabu zake kwa lugha ambayo hatukuijua, alijua deni linahitaji daftari mbili.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudi miaka ya 1980. Sitaki kufukua hayo. Nakumbuka tu kwamba katika vurugu za kukabidhiana, waliokuwa na karatasi walikuwa na cha kuonyesha, na waliobaki walikuwa na hadithi ya kusimulia.

Sasa simu. Katika chama kimoja cha huku, ambacho sitakitaja, mizani siku hizi ni ya dijitali. Kilo zinaingia kwenye mfumo, ujumbe unakwenda kwenye simu ya mkulima, na kitabu cha kaboni kimesitishwa. Kwa kijana mwenye simu nzuri ni raha, hata mimi nimefurahia. Lakini kuna mama mjane, jirani yangu, ambaye namba iliyosajiliwa ni ya mjukuu wake. Mjukuu alikwenda kutafuta maisha Dar es Salaam katikati ya msimu, simu ikavunjika kioo, laini ikapotea. Malipo ya pili yalipokuja, mama akaona ni madogo. Anakumbuka magunia aliyobebesha, anakumbuka na vijana waliombebea. Akaenda dirishani. Karani, mtoto mwenye adabu kabisa, akamtazamia kwenye kompyuta akamwambia, "Bibi, shikamoo, mfumo hauna hizo kilo."

Sisemi kwamba aliibiwa. Inawezekana mfumo uko sahihi na kumbukumbu yake imechoka. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kujua, isipokuwa yule aliyeandika, na yule aliyeandika ndiye mlipaji. Yule mzee wa spoku, asiyejua herufi hata moja, alikuwa na nguvu mbele ya dirisha langu kuliko aliyonayo huyu mama mwaka huu. Mwandishi anaita hali hii maendeleo.

Ataniambia ujumbe wa simu nao ni nakala. Ni nakala, sawa, ila ni ya mtu mwenye simu, chaji, laini yake mwenyewe na macho ya kusoma herufi ndogo, na inakaa humo mpaka mtoto aifute apate nafasi ya video. Mamlaka ya Mapato inatuambia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na ni neno jema, lakini zile karatasi za mashine zinachapwa kwa joto na zinafifia. Ninazo za mabati niliyonunua, zimekuwa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Hammurabi aliandika kwenye jiwe. Sidai jiwe. Nadai wino.

Wala si kwamba nachukia mambo mapya. Kikundi cha mke wangu cha kuweka na kukopa kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba moja, na kila mwanachama ana kitabu chake kidogo kinachogongwa mhuri mbele ya wenzake. Utaratibu wa vikundi hivyo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 kwa wanawake ambao wengi hawakusoma. Ni mpya kuliko stakabadhi zangu za kaboni. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia. Wanachama wakitoka pale kila mmoja anajua sanduku lina kiasi gani, na mume akiuliza anaambiwa hayamhusu.

Kwa hiyo ninachowaomba viongozi wa vyama vya msingi kabla ya msimu ujao ni kidogo. Mfumo ubaki. Mizani ya dijitali ibaki, mimi mwenyewe najua mshale wa mizani ya zamani ulivyoweza kusaidiwa na kidole. Lakini kila anayepima aondoke na karatasi ya wino yenye kilo, daraja na makato, na karani aisome kwa sauti kabla ya kuitia sahihi, kwa wale wasioona vizuri. Kila Jumamosi orodha ya kilo za wiki ibandikwe ukutani mwa ghala kwa namba za uanachama, bila majina, watu wasioneane wivu. Na kwenye mkutano mkuu, kabla ya taarifa ya mkaguzi na kabla ya soda, jumla ya kilo za kila kitongoji zisomwe, ili vitongoji vijisahihishe vyenyewe. Tulifanya hivyo miaka mingi. Wenyeviti walikuwa hawaipendi ajenda hiyo kwa sababu ilichukua muda mrefu, na ilichukua muda mrefu kwa sababu watu walikuwa na la kuuliza.

Vijana wa Njiro na wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi wanaotengeneza mifumo hii, nawasihi wajiulize swali moja wanapochora skrini zao: huyu anayepimiwa, akibisha kesho, atabisha akiwa ameshika nini?

Nimeuliza kwa nini kitabu cha kaboni kilisitishwa, nikajibiwa ni kupunguza gharama za uchapaji. Kama ni hilo tu, gharama hiyo ikatwe kwenye malipo yetu sisi wakulima, mradi makato hayo nayo yaandikwe kwenye stakabadhi.

Karani Mstaafu,
Kibosho, Moshi.